PUA SI SHAHIDI: Mwanga Usioonekana Unavyofichua Uchafu wa Hewa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Utangulizi

Wahariri wa jarida letu walipoomba makala ya mwaka huu, nilisema nitaandika juu ya sayansi. Wenzangu wakacheka. "Sayansi kwa Kiswahili? Maneno utayatoa wapi?" Niliwajibu kwamba mtu hakosi maneno ya kulieleza jambo linalomkera. Linalonikera mimi ni moshi.

Sisi wakazi wa Iftin, hapa mjini Garissa, tuna jina zuri la mtaa. Kwa Kisomali, iftiin ni mwanga. Lakini jioni moja wakati wa likizo ya Agosti, nyumbani kwetu hakukuwa na mwanga wowote moyoni. Ndugu yangu mdogo, ambaye ana pumu, alikuwa ameketi kitandani akivuta pumzi kwa shida, kifua kikilia kama mlango mbovu. Jioni hiyo palikuwa na moshi wa aina tatu. Jikoni mlikuwa na moshi wa kuni za mathenge. Chumbani mlikuwa na moshi wa uunsi, yaani ubani wetu, uliofukizwa katika chetezo tuitacho dabqaad. Na nyuma ya nyumba, pale jaani ambapo korongo hushinda wakidonoadonoa, mtu alikuwa ametia moto taka, plastiki na yote.

Mabishano yakaanza. Jirani akasema mkosaji ni uunsi. Nyanya yangu, ambaye sote twamwita ayeeyo, akakasirika. "Uunsi unanukia! Kitu kinachonukia vizuri kitamdhuruje mtoto? Mkosaji ni ule moshi wa taka unaonuka." Mimi nilikuwa upande wa ayeeyo. Ndipo hooyo, yaani mama yangu, akanigeukia na kuniuliza, "Wewe unasoma kemia. Hebu tuambie, ni moshi upi unaomkaba mwanangu?"

Jamani, sikuwa na jibu. Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa kemia na swali lile lile. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno matatu tu, "Pua si shahidi." Haya mnayoyasoma ni niliyojifunza baada ya hapo, kwake na vitabuni.

Kwa nini pua si shahidi

Pua ni neema kubwa, lakini katika kesi ya hewa ushahidi wake una kasoro. Kwanza, kuna hewa zisizo na harufu kabisa. Kaboni monoksidi, inayotoka kwenye makaa yanayowaka katika chumba kisichopitisha hewa, haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Pili, kuna vitu vinavyonukia ilhali ni sumu. Benzini, ambayo imo ndani ya petroli, ina harufu tamu kiasi. Hata hivyo, wataalamu wa saratani duniani wameiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana wazi kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Tatu, pua huzoea. Ukikaa jikoni nusu saa husikii tena moshi, nao bado upo.

Benzini na wenzake huitwa michanganyiko ya oganiki, yaani vitu ambavyo uti wa mgongo wake ni atomu za kaboni. Kuni, makaa, mafuta ya taa, dizeli, plastiki na ubani vyote vina kaboni. Vikiungua vizuri kabisa hutoa kaboni dioksidi na mvuke wa maji. (Plastiki nyingine zina na klorini, nayo ina habari yake, tutaifikia.) Lakini moto wa jikoni hauunguzi vizuri kabisa. Hubakiza vipande vipande: methani, etilini, methanoli, formaldehaidi, benzini na vingine vingi. Hivyo ndivyo vinavyotuingia kifuani.

Si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa mapishi. Na mwaka 2013 shirika lake la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba hewa chafu ya nje nayo husababisha saratani.

Basi ikiwa pua si shahidi, shahidi ni nani? Shahidi ni mwanga, tena mwanga ambao jicho halioni.

Mwanga uliojificha baada ya wekundu

Mwaka 1800 huko Uingereza, mnajimu William Herschel alipitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo, ukagawanyika katika rangi za upinde wa mvua. Akaweka vipimajoto katika kila rangi. Alipoweka kipimajoto pembeni, baada ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni chochote, alishangaa kuona joto linapanda kuliko penginepo. Palikuwa na mwanga pale, ila macho hayakuumbwa kuuona. Huo ndio mwanga wa infraredi. Nasi watu wa Garissa hatuhitaji kusimuliwa sana. Ukisimama karibu na ukuta wa mawe baada ya magharibi, jua limekwisha kutua lakini uso wako unahisi joto linalotoka ukutani. Sehemu kubwa ya joto hilo linalokufikia ni infraredi.

Miaka 59 baadaye, mwaka 1859, John Tyndall alianza kupima mjini London jinsi gesi zinavyozuia miale hiyo ya joto. Akaona ajabu. Oksijeni na nitrojeni, ambazo ndizo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, ziliacha miale ipite karibu yote. Lakini mvuke wa maji, kaboni dioksidi na etilini ziliimeza. Na sikilizeni hili, enyi mpendao uunsi. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Tyndall alipitisha hewa kavu juu ya karatasi zilizolowekwa manukato, kisha akaipima. Harufu kidogo tu, isiyoonekana hata kidogo, ilizuia miale mara nyingi zaidi kuliko hewa tupu. Kumbe harufu nayo ni kitu, nayo huacha kivuli katika mwanga usioonekana.

Kengele ya ngamia

Kwa nini gesi moja imeze miale na nyingine iiache ipite? Hapa nitatumia mfano wa nyumbani.

Mchungaji wetu humvisha ngamia kengele ya mti iitwayo koor. Usiku ngamia wakipotea kichakani, mchungaji haoni kitu, lakini husikiliza. Kengele hii ina sauti nene, ile ina sauti nyembamba, naye husema, "Yule ni wangu." Molekuli nazo zina kengele. Atomu ndani ya molekuli hazikutulia. Zimefungamana kana kwamba kuna springi katikati yake, nazo hutikisika daima. Springi hunyooka na kurudi, au hupinda na kujinyoosha. Springi ngumu inayoshika atomu nyepesi hutikisika upesi. Springi laini inayoshika atomu nzito hutikisika polepole.

Mwanga ni mawimbi, nayo mawimbi ya infraredi hupiga kwa kasi ile ile ya mitikisiko ya molekuli. Mathalani, kaboni iliyoshika hidrojeni hutikisika kiasi cha mara trilioni 90 kwa sekunde moja. Miale yenye mapigo hayo hayo ikiikuta molekuli hiyo, molekuli huimeza na kutikisika kwa nguvu zaidi. Miale mingine hupita tu. Ukitazama upande wa pili utaona miale fulani imepungua. Pale palipopungua ndipo kengele ilipolia.

Kuna sharti moja. Molekuli haina budi kuwa na upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi kidogo, au izipate pande hizo inapotikisika, ndipo mwanga upate pa kuishika. Oksijeni ni atomu mbili zilizo sawa, na nitrojeni vivyo hivyo. Zinapotikisika hakuna upande unaozidi mwenzake, kwa hiyo mwanga hauna pa kushika. Hii ni bahati kubwa kwetu. Asilimia 99 hivi ya hewa kavu ni nitrojeni na oksijeni, nazo hunyamaza kimya, tukaweza kuzisikia kengele za wageni wachache waliomo.

Wanasayansi huitaja kengele kwa idadi ya mawimbi yanayoingia katika sentimita moja. Hizi hapa ni baadhi yake:

Methani: 3019 na 1306
Hidrojeni kloridi: karibu na 2886
Formaldehaidi: 2782 na 1746
Kaboni dioksidi: 2349 na 667
Kaboni monoksidi: 2143
Methanoli: 1033
Etilini: 949
Benzini: 674

Mwaka 1905 Mmarekani William Coblentz alichapisha picha za infraredi za michanganyiko zaidi ya mia moja, akaonyesha kwamba kila mmoja una sura yake. Sehemu iliyo chini ya 1500 huitwa eneo la alama za vidole. Kila mtu aliyepanga foleni ya kitambulisho hapa kwetu anajua kidole kinavyochovywa wino. Watu wawili waweza kufanana sura, lakini vidole hapana. Ndivyo zilivyo molekuli katika eneo lile.

Jinsi ya kuipima hewa

Sasa tuseme tunataka kuipima hewa ya chumba cha ndugu yangu. Kazi ina hatua nne.

Kwanza, kuchukua sampuli. Hewa huvutwa kwa pampu ndogo ikaingizwa katika mfuko maalumu au katika mtungi wa chuma uliotolewa hewa yote. Mfuko wa dukani haufai, kwani wenyewe hutoa harufu na kunyonya baadhi ya gesi. Sharti uandike mahali, saa, na kilichokuwa kikiwaka. Sampuli isiyo na maandishi ni kama barua isiyo na anwani.

Pili, kuitia hewa katika chombo cha kupimia. Ni bomba lenye madirisha mawili, moja la kuingizia mwanga na jingine la kutolea. Madirisha hayo hayawezi kuwa ya kioo cha kawaida, kwa maana kioo humeza sehemu kubwa ya infraredi. Hutengenezwa kwa chumvi! Bromidi ya potasiamu hutumika sana, na hata chumvi hii ya mezani, ikiwa fuwele moja kubwa safi, huipitisha miale vizuri. Ila chumvi huyeyuka kwa unyevu, kwa hiyo hupaswi kuigusa kwa mkono wenye jasho.

Tatu, kuurefusha mwendo wa mwanga. Uchafu wa hewa ni mchache mno. Hupimwa kwa sehemu katika milioni, yaani kama shilingi moja ndani ya shilingi milioni moja, na mara nyingi kwa sehemu katika bilioni. Mwanga ukipita mara moja tu hautakutana na molekuli za kutosha. Mwaka 1942 John White alibuni chombo chenye vioo vitatu vya kurudisha mwanga. Ndani yake mwanga huenda na kurudi mara nyingi kabla ya kutoka, kama mchota maji anayekwenda Mto Tana na kurudi mara arobaini kwa siku. Njia yenyewe ni fupi, lakini mwendo wote aliokwenda ni mrefu. Bomba la nusu mita, mwanga ukilipita mara 40, hutoa mwendo wa mita 20.

Nne, kuusoma mwanga uliotoka. Mashine za siku hizi hugawa mwanga mara mbili, sehemu moja ikaenda kwenye kioo kilichosimama na nyingine kwenye kioo kinachosogea, kisha zikakutanishwa tena. Kompyuta hutumia hesabu za Mfaransa Joseph Fourier kugeuza mapigo hayo yawe mchoro. Mchoro huo ndio huitwa spektra. Penye bonde ndipo mwanga ulipomezwa.

Mfano wa hesabu

Mchoro hutuambia ni nani aliyemo. Je, ni kiasi gani? Hapa kuna kanuni moja nyepesi. Kiasi cha mmezo wa mwanga hulingana na wingi wa gesi ukizidishwa na urefu wa mwendo. Gesi ikiongezeka maradufu, mmezo nao maradufu. Mwendo ukirefuka mara nne, mmezo mara nne. Mmezo wenyewe ni logi ya mwanga ulioingia ukigawanywa kwa mwanga uliotoka. Ukiingiza 100 ukapata 50, mmezo ni logi ya 2, yaani 0.30.

Tufanye mfano, nambari nimezibuni kwa ajili ya zoezi. Tumeweka etilini tunayoijua, sehemu 20 katika milioni, katika chombo chenye mwendo wa mita 10. Mmezo pale 949 ukawa 0.40. Kisha tumeweka hewa ya jikoni, mmezo ukawa 0.05. Mwendo ni ule ule, kwa hiyo:

0.05 ÷ 0.40 × 20 = 2.5

Jikoni mna etilini sehemu 2.5 katika milioni. Ona, hakuna ugomvi wa jirani na ayeeyo hapo. Kuna tarakimu tu.

Mambo yanayotatiza

Ningekuwa mwongo nikisema mashine hii haina udhaifu. Wahenga walinena kwamba kizuri hakikosi ila, na ila zake ni tatu.

Kwanza, mvuke wa maji una kelele nyingi sana. Kengele yake kubwa iko karibu na 1595 na husambaa huku na huku, hadi kuifunika formaldehaidi pale 1746. Ndiyo maana wapimaji wengi huisikiliza formaldehaidi kwa kengele yake ya pili, maeneo ya 2700 hadi 2900.

Pili, tazama tena orodha yangu. Benzini ni 674 na kaboni dioksidi ni 667. Wamekaa bega kwa bega! Na kaboni dioksidi imejaa katika kila hewa. Basi benzini ikiwa kidogo, hufichwa na jirani yake. Kwa kiasi kidogo kama hicho wataalamu huinasa benzini katika kijibomba chenye unga wa mkaa maalumu, halafu hutumia mashine nyingine inayozitenganisha gesi kwanza moja moja.

Tatu, njia hii husoma gesi. Zile chembechembe ndogo za masizi, ambazo ndizo hatari kubwa kwa kifua, huhitaji kipimo chake zenyewe. Kwa hiyo shahidi huyu ni mkweli, lakini hakuona kila kitu.

Yaliyokwisha kufanywa

Msidhani haya ni nadharia tupu. Katika miaka ya 1950 watu wa Los Angeles, Marekani, walikuwa wakiwashwa macho na ukungu mchafu wa jiji lao. Edgar Stephens na wenzake walitumia infraredi yenye mwendo mrefu, wakaona kengele ambazo hazikuwa katika kitabu chochote. Wakamwita mgeni huyo "mchanganyiko X". Baadaye akatambuliwa. Alikuwa dutu inayozaliwa hewani wakati moshi wa magari unapopigwa na jua, nayo ndiyo mojawapo ya zilizokuwa zikiwasha macho. Bila mwanga ule, nani angemjua?

Karibu zaidi nasi ni Zambia. Mwezi wa Septemba 2000, Robert Yokelson wa Chuo Kikuu cha Montana na wenzake walipeleka mashine ya infraredi vijijini huko. Hawakuchukua hata mfuko wa sampuli. Walipitisha mwanga moja kwa moja ndani ya moshi wa kuni za kupikia, wa makaa, na wa tanuri za kuchomea makaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika moshi ule walipima methani, etilini, methanoli, formaldehaidi, hata asidi ile ile iliyomo ndani ya siki. Mafiga matatu ya Zambia yana tofauti gani na mafiga ya Garissa? Mimi siioni.

Moshi wa taka nao umepimwa. Wanasayansi wa kundi hilo hilo waliupima huko Meksiko na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Waliona hidrojeni kloridi kwa wingi. Hii ndiyo ile habari ya klorini niliyoahidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa koo huwa asidi, nayo hutokana hasa na kuungua kwa plastiki ya mabomba na nyaya.

Na hapa Kenya tuna kituo kilichoanzishwa mwaka 1999 juu ya Mlima Kenya, mita 3678 kutoka usawa wa bahari, kinachosimamiwa na Idara ya Hali ya Hewa. Huko kaboni monoksidi imepimwa kwa infraredi. Hiyo si ya kundi la oganiki, lakini ni ndugu wa moshi wowote wa kuni na nyasi. Basi mwanga huu tayari umefanya kazi nchini mwetu. Umebaki kuteremka mlimani ufike jaani.

Jibu langu kwa hooyo

Niliporudi nyumbani mwezi wa Novemba, hooyo hakuwa amesahau swali lake. Nilimwambia hivi: "Hooyo, bila mashine siwezi kukuambia ni moshi upi uliomkaba siku ile. Lakini mwanga umekwisha kutoa ushahidi juu ya moshi wa namna hii mahali pengine. Hakuna ulio safi kati ya ile mitatu. Hata uunsi, ukiungua, hutoa formaldehaidi na benzini."

Nilimtazama ayeeyo nikiogopa. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hiyo mashine yenu imeupima uunsi wangu?" Nikasema, "La, ayeeyo. Wa kwako haijaupima." Akasema, "Basi usiuhukumu. Lakini mtoto nimemsikia mwenyewe akikohoa." Kesho yake aliiweka dabqaad uani, akafukiza nguo huko huko kabla ya kuziingiza ndani. Hatukuongea tena juu ya jambo hilo. Jiko la kuni nalo tulilihamishia chini ya kibanda kisicho na ukuta.

Yakabaki ya jaani, na hayo hayakuwa mepesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa, nyaya na vipande vya mabomba vingalipo. Tuliongea na majirani, nyumba kwa nyumba, kwamba plastiki itengwe isitiwe moto. Wengine walikubali. Mmoja alituuliza, "Mna uthibitisho gani?" Swali lake ni la haki, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Lakini mwenye haki naye huulizwa ushahidi, na aliye na pua peke yake hana ushahidi.

Pumu ya ndugu yangu haijaisha. Bado ana dawa yake ya kuvuta, na kuna usiku tunakesha. Hata hivyo usiku huo umepungua, na sisemi kwamba najua kwa hakika ni kwa sababu gani. Ninachotaka ni siku moja mmoja wetu, mwanafunzi wa shule hii, asomee kazi hii, arudi Iftin na mashine, aipime hewa ya hapa hapa, ili mama mwingine akiuliza apewe jibu kamili. Mtaa uitwao mwanga haustahili kukosa mwanga huo.



Maswali ya kujipima

1. Kwa nini oksijeni na nitrojeni hazimezi miale ya infraredi, ilhali kaboni dioksidi huimeza?

2. Methani humeza pale ambapo mawimbi 3019 huingia katika sentimita moja. Tafuta urefu wa wimbi moja kwa mikromita. (Jibu: 3.31.)

3. Katika mfano wangu wa jikoni, mwendo wa mwanga ukirefushwa kutoka mita 10 hadi mita 40, mmezo wa 0.05 utakuwa ngapi? (Jibu: 0.20.)

4. Mpimaji ameona bonde dogo karibu na 670 akasema, "Hii ni benzini." Je, wewe ungemwambia nini?

5. Taja vitu vitatu vinavyotoa moshi nyumbani kwenu, kisha ueleze kimoja unachoweza kukihamisha leo.

Swali la nne mjadiliane na mwalimu wa kemia. La tano mjadiliane na mama zenu.